Siku Tatu za Bi Rudi Kesho

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mahakama, na kazi hiyo ilinifundisha kuziogopa ofisi jinsi mpishi anavyoogopa chakula cha hotelini: jikoni napajua. Nayasema haya mapema ili ifahamike kwamba shukrani ninayokusudia kuieleza hapa haikunitoka kwa urahisi. Niliipinga kadiri nilivyoweza.

Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ni fundi lifti. Wenzake kazini humwita Popo, kwa kuwa alikuwa tayari kuning'inia mahali ambapo wao walikataa hata kuchungulia. Asubuhi moja alipanda hadi chumba cha mashine, juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na mbili, ili akague breki, na hakushuka mpaka siku ya pili, pale msimamizi wake alipopanda mwenyewe kumfuata. Alimkuta ameketi sakafuni kando ya mota, vifaa vyote vimepangwa juu ya kitambaa, na hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa. Daktari wa magonjwa ya akili aliandika "sonona kali", akampa dawa, na akaagiza asilikaribie shimo la lifti, nasi tukamchukua akae kwetu. Mfuko wa bima, ambao ulikuwa umekata sehemu ya mshahara wake kwa miaka kumi na tisa, ukamlipa fao la ugonjwa miezi sita bila kumuuliza neno. Maswali yalianza mwezi wa saba, kwa sababu kanuni inasema kwamba baada ya miezi sita dai hufunguliwa upya, na mdai hujaza fomu ya kurasa nne.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na nafasi tupu chini ya maneno haya: "Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ugonjwa unavyokuzuia kufanya kazi." Mdogo wangu aliikodolea macho nafasi ile kwa siku nne. Aliandika "Siwezi", kisha akalifuta. Mimi, ambaye nimewaandikia maombi wajane, wapangaji na waliogombana kwa ajili ya ukuta, sikuweza kuvumilia kuiona nafasi tupu ikikaa tupu. Nikamwambia ailete. Niliandika aya kumi na tano zenye namba, nikaambatisha karatasi mbili za ziada, nikataja tarehe na saa, na nikayajibu mapema mapingamizi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyatoa. Yeye akatia sahihi bila kusoma. Nilijiona nimefanya kazi safi. Na kweli ilikuwa safi. Hilo ndilo lililotuangusha.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. "Maelezo ya mdai yanaonyesha fikra zilizopangwa vizuri, kumbukumbu kamili ya matukio na uwezo mkubwa wa kujenga hoja. Ofisi haioni kinachomzuia kuendelea na kazi yake. Dai limekataliwa." Nakala ilipelekwa kwa mwajiri, na mwajiri naye akaandika barua yake: mfanyakazi aripoti Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa, la sivyo atahesabiwa kuwa ameacha kazi. Jengo alilopangiwa lilikuwa lile lile.

Mke wangu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, kisha akanitazama.

"Hongera, Bwana Karani," alisema. "Umemwandikia mgonjwa mpaka amepona."

Nilikata rufaa siku hiyo hiyo, kwa mistari miwili tu, na tukaitwa Jumatano ya tarehe ishirini na nne.

Ukumbi wa madai ulikuwa na mabenchi ya chuma yaliyofungwa sakafuni kwa skrubu, pengine kwa hofu kwamba wagonjwa wangeyabeba. Vioo vya madirisha ya huduma vilikuwa na tundu la kusemea lililotobolewa chini mno, kiasi kwamba kila mwenye shida alilazimika kuinama ili aisimulie. Kwenye benchi letu alikuwako fundi mwashi aliyekuwa na mguu ndani ya plasta, mtu mwenye maneno.

"Mmepangiwa dirisha gani, mzee?"

"La sita."

"Loo! Poleni. Hapo ni kwa Bi Rudi Kesho. Shemeji yangu alipelekwa kwake kwa mambo ya kichwa. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka mlinzi wa getini akawa anampigia saluti, anajua ni mkubwa wa idara."

Mdogo wangu akacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia kwa miezi saba, nacho kilichagua kutokea hatua tatu tu kutoka dirisha la sita.

Bi Rudi Kesho alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na kalamu yake ilikuwa na alama za meno. Hakuinua uso.

"Umelalaje?"

"Vizuri, mama."

"Umekula?"

"Nimekula. Halafu, mama, lifti yenu ya hapa chini inalia upande wa kushoto. Reli imekauka mafuta. Waambie waache kuusingizia umeme."

Nilimkanyaga mguu. Bi Rudi Kesho akaandika yote, pamoja na reli. Nilimwona akiandika, nami nikaanza kuisikia ile barua ya pili ya kukataliwa ikijitunga yenyewe: mdai ni mchangamfu, ana utani, na ujuzi wake haujapungua.

"Haya," alisema, akifunika faili. "Rudini kesho, saa tatu."

"Kesho tena? Mama, faili lote liko mbele yako."

"Nimeliona. Kesho, saa tatu."

Nilitoka nikiwa na hasira ya mtu anayeujua mchezo. Maneno hayo nimewahi kuwaambia wengi mimi mwenyewe, huku nikijua kwamba nusu yao hawatarudi, na kwamba faili la asiyerudi hujifunga lenyewe bila mtu kulaumiwa. Nilikuwa naitazama mbinu yangu ya zamani kutoka upande wa pili wa kioo, na haikupendeza.

Alhamisi nilianza kumwamsha saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa macho. Alikuwa amelala akiukabili ukuta, amevaa suruali na soksi moja. Saa moja nilirudi, nikamkuta vile vile. Mke wangu alileta chai, akaketi ukingoni mwa kitanda, akazungumza naye kwa upole ambao mimi sijajaliwa.

"Shemeji, twende tu ukakae. Kusema tutasema sisi. Vaa soksi, twende."

"Iko mbali, shemeji," alisema.

Soksi ya pili ilikuwa juu ya mto, kiasi cha shibiri moja kutoka mkononi mwake.

Saa mbili na nusu nilifikiri kumbeba. Mke wangu akanizuia mlangoni. "Wewe nenda. Ukimburuta utawapelekea gunia, si mtu."

Nilikwenda peke yangu, nikitunga hotuba njiani. Katika tundu la dirisha la sita niliinama, nikaanza kwa heshima na taadhima, nikaieleza ofisi yake tukufu kwamba, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa mdai…

"Mzee, acha hotuba," alisema Bi Rudi Kesho. "Ulianza kumwamsha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Alikuwa amelala?"

"Hapana. Macho."

"Amevaa?"

Nikamweleza habari ya soksi. Nilitarajia acheke, au akasirike. Aliuliza ilikuwa ya mguu gani.

"Aliyovaa ni ya kushoto."

"Na ya kulia ilikuwa wapi? Nionyeshe kwa mkono."

Nikaonyesha kwenye ubao wa dirisha: mkono wake hapa, soksi hapa. Akachukua rula, akapima nafasi kati ya vidole vyangu, akaandika. Katika maisha yangu yote ya utumishi sijawahi kuona afisa akiipima soksi isiyokuwepo.

"Alisema nini? Maneno yake, si yako."

"Alisema: iko mbali, shemeji."

Aliandika hayo pia. Kisha akafungua jalada na, kwa herufi kubwa zilizoonekana hata kwangu niliyekuwa nikisoma kinyumenyume, akaandika HAKUFIKA. Kwa neno hilo nimefunga mashauri ya watu mia kadhaa.

"Mama, neno hilo litammaliza."

"Huko mahakamani kwenu, labda. Hapa ndilo nililokuwa nalisubiri."

"Umejuaje kwamba nilikuwa mahakamani?"

"Nimesoma aya kumi na tano." Alivua miwani, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Mwenye malaria ananiletea karatasi ya maabara. Mwenye mguu ananiletea picha. Huyu wako atakuja siku moja, ameoga, amechana nywele, ananitania kuhusu lifti. Nikipeleka hayo kwa mkubwa wangu ataniuliza, anaumwa nini huyu? Na siku nyingine angeweza kuja analia, wakasema anaigiza. Ugonjwa huu hauonekani kwa siku moja. Mimi nataka siku tatu. Fomu hainipi siku tatu, kwa hiyo nasema rudi kesho."

"Na wasiorudi?"

"Nawapigia simu. Wasiposhika, nikitoka kazini napita kwao. Wengi wa hao ndio ninaowapitishia haraka." Akavaa miwani tena. "Kesho mje wote wawili. Hata akija na soksi moja."

Nilitembea kurudi nyumbani polepole. Mtu aliyezoea kushuku hupata taabu ya kipekee anapokosa cha kushuku. Nilijaribu njia nzima kutafuta hila ndani ya maneno ya yule mama, na nilipofika mlangoni nilikuwa bado sijaipata.

Ijumaa alikuja. Ilimchukua saa mbili na ushee kuvaa, lakini alivaa, na alitembea kando yangu macho yakiwa chini bila kusema kitu. Hatukuketi mbele ya kioo. Bi Rudi Kesho alitufungulia mlango wa pembeni, akatupeleka katika chumba chembamba cha mafaili, chenye meza, viti vitatu na harufu ya karatasi iliyowahi kulowa. Akaziweka mezani karatasi zangu mbili za ziada.

"Nani aliandika haya?"

Chini ya fomu, kwa herufi ndogo, kulikuwa na onyo kwamba maelezo yasiyo ya kweli hubatilisha dai. Nililisoma onyo hilo kabla ya kuandika, na nikaliona haliwahusu watu wanaoandika vizuri. Sasa nilielewa kwamba nikikana, nitakuwa nimemsingizia mdogo wangu akili ambayo haikuwa yake, na nikikiri, huenda nikalizika dai lenyewe siku tatu kabla ya Jumatatu. Nimewaapisha mashahidi wengi. Sikuwahi kufikiri jinsi kiti chao kilivyo kigumu.

"Ni mimi," nilisema. "Yeye alitia sahihi tu. Hakusoma."

"Vizuri."

Akachora mstari mmoja mrefu, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, akaniambia nitie sahihi kando yake kwamba maelezo yameondolewa. Nilitia. Sitaficha kwamba niliona uchungu kidogo kwa ajili ya aya ya tisa, ambayo ilikuwa nzuri.

"Sasa wewe," alimwambia mdogo wangu. "Siku ile, huko juu ya paa. Kwa nini hukushuka?"

Nilifungua kinywa ili nisaidie. Bila kunitazama, yule mama aliinua kalamu kidogo, kama mtu anayesimamisha gari, nami nikafunga. Hakurudia swali. Hakujaribu kulirahisisha, wala hakuangalia saa. Saa niliiangalia mimi, na zilipita dakika kumi na moja. Nje mtu aliita namba ya foleni mara mbili. Simjui afisa mwingine yeyote, nikiwamo mimi, ambaye angekaa dakika kumi na moja mbele ya mtu asiyesema bila kuandika kwamba amekataa kujibu.

"Kushuka kulikuwa na njia mbili, mama," alisema mdogo wangu. "Ngazi na shimo."

Kalamu ilitembea.

"Nikaziona zote sawa. Hilo ndilo lililonitisha. Nikasema, basi nikae. Nikikaa sijachagua."

"Na sasa?"

"Hapa chini, siku nyingi naiona ngazi. Huko juu sijui. Jumatatu wakiniita nitakwenda, maana kukataa kazi sijui. Ila nikifika huko, sijui."

Mimi ni kaka yake. Nimeishi naye nyumba moja kwa miezi saba hiyo, nikamhesabia vidonge na kumjazia fomu, na maneno hayo sikuwa nimeyasikia, kwa sababu sikuwa nimeacha nafasi yake.

"Daktari unamwambia hivi?"

"Ananiuliza kama nalala."

"Leo utamwambia. Nimpigie simu, mwongee, akupokee leo hii?"

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Bi Rudi Kesho alipiga simu pale pale, akampa, na mdogo wangu alipokuwa akizungumza, yeye akamalizia kuandika. Kisha akayasoma kwa sauti, yote, kama yalivyosemwa, pamoja na "sijui" zote tatu, ambazo mimi ningezipunguza ziwe moja.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, mama."

Akachukua faili, akaingia kwa mkubwa wake. Mlango ulibaki wazi kiasi cha upana wa kiganja, nami sijaacha tabia ya kusikiliza milangoni.

"Wa akili tena?" sauti ya kiume ilisema. "Mama, huyu si ndiye aliyekueleza hitilafu ya lifti yetu juzi? Wamekuja jana kuitengeneza, kasoro ni hiyo hiyo aliyoitaja!"

"Ndiye. Na jana alishindwa na soksi, sentimita ishirini na mbili, nimepima. Ni mtu yule yule, mkuu. Sasa niambie, Jumatatu ni yupi atakayepanda ghorofa ya kumi na mbili? Maana mimi sijui, na yeye hajui. Kama wewe unajua, andika hapa."

Karatasi ziligeuzwa, kisha kikafuata kimya kirefu, ambacho nadhani kilikuwa cha kusoma. Kisha nikasikia muhuri.

Uamuzi ulikuwa wa mistari sita. Fao liliongezwa kwa miezi kumi na miwili. Mwajiri alitakiwa kumtunzia nafasi yake. Na asiitwe kwenye shimo la lifti mpaka daktari aandike kwamba anaweza. Bi Rudi Kesho alinikabidhi nakala ya mwajiri mkononi.

"Hii usiiachie posta. Posta itaifikisha Jumatano, na Jumatatu itakuwa imeshafika. Peleka sasa hivi, wakutilie sahihi ya kupokea."

Nilianza kumshukuru. Nilikuwa na sentensi ndefu, yenye mihimili mitatu.

"Usinitungie kitu, mzee," alisema. "Wahi."

Mke wangu alikuja kumchukua shemeji yake kumpeleka kwa daktari, nami nikaenda kwenye karakana. Msimamizi, yule aliyepanda paa kumfuata, alikuwa amevaa ovaroli yenye grisi mpaka kwenye kola. Aliisoma barua, akaisoma tena, akaketi juu ya kreti la kapi.

"Kaka," aliniambia, "ile barua ya Jumatatu niliambiwa niandike, nikaandika. Tangu hapo sili vizuri. Nilikuwa nimeamua nipande naye mwenyewe, nijifunge naye mkanda mmoja, siku nzima."

"Angalikataa."

"Popo? Asingekataa, angenitania. Hilo ndilo nililoliogopa." Akaweka sahihi, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. "Asante sana, kaka. Asante."

Alinishukuru mimi, ambaye kazi yangu katika shauri hili ilikuwa kuliharibu na kisha kubeba karatasi. Ningemsahihisha, lakini alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi, na niliona kwamba shukrani ile inahitaji mahali pa kutua. Niliipokea kwa niaba ya Bi Rudi Kesho mwenyewe. Jumatatu iliyofuata nilikwenda dirisha la sita, nikapanga foleni tangu saa mbili, nikainama, nikasema, "Asante, mama," bila aya wala namba. Akaitikia, "Haya," akaita anayefuata.

Lakini Ijumaa ile nilifika nyumbani alasiri. Mdogo wangu alikuwa amesharudi, ameketi jikoni karibu na mke wangu, ambaye alikuwa akimenya viazi na kumwachia kisu cha pili pembeni endapo angetaka, bila kumwambia. Daktari alikuwa amezungumza naye saa nzima, akabadilisha dawa, na akampa siku mbili za kuonana kila wiki. Nilimwekea mezani nakala yetu yenye muhuri. Hakuigusa.

"Kwa hiyo Jumatatu siendi?" aliniuliza.

"Huendi."

Akatazama viazi kwa muda.

"Hata wakipiga simu?"

"Hata wakipiga. Huendi."

"Jumatatu hii, kaka?"

"Hii, na inayofuata, na nyingine. Huendi."

Mke wangu alikuwa ameacha kumenya. Mdogo wangu akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayejaribu ubao kabla ya kuukanyaga, nami nikajibu tena. Maisha yangu yote nimechukia kurudia jambo lililokwisha kusemwa. Nimewahi kumkatiza shahidi kwa hilo. Jioni ile aliniuliza mara saba, na mara zote saba nilifurahi kwamba jibu ninalo.